Nyie wa fildi, kabla hamjaingia mitingi

Jana nimekaa nyuma kwenye mitingi ya kubuni ya madogo wapya nikaona yaleyale. Wawili wanaongea, mmoja anachora ubaoni, waliobaki wanaitikia "sawa sawa", halafu mnatoka mnasema timu imebuni. Timu gani sasa. Naandika hapa, msinune.

1. Kila mtu aandike ya kwake kwanza, kimyakimya, ndo muongee. Osborn, mtu wa matangazo wa Marekani, ndo alieneza staili ya kukaa kikundi na kubuni kwa kuongea, ila mwaka 1958 watafiti wa chuo kikuu cha Yale wakaipima, wakakuta watu 4 waliofikiri kila mmoja kivyake, majibu yakajumlishwa baadaye, wanatoa mawazo mengi kuliko 4 waliokaa pamoja. Mmoja akiongea wengine wanasubiri zamu, na kwenye kusubiri mtu anasahau au anaogopa.

2. Mkimya aanze. Hii ilinitoa jasho. Tulikuwa tunatengeneza taa za sola za kuvulia dagaa badala ya karabai, tunabishana betri, tunabishana maji yasiingie, mitingi tamu kweli na mimi mwenyekiti najiona. Binti wa fildi, kwao Igombe, akanyoosha mkono, nikamwambia subiri mdogo wangu tumalize ya betri. Ya betri hayakuisha. Siku ya majaribio tumekodi hiace, taa zote, na mgeni wa mfadhili ndani, tunafika mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, jioni tunakuta mitumbwi imevutwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu. Mzee mmoja akatuangalia weee, akanyoosha kidole juu. Mwezi mpevu! Dagaa anafuata taa kukiwa na giza, sasa mbalamwezi nani aingie ziwani kupoteza mafuta? Mtoto yeyote wa mwaloni anajua, na ndo alichotaka kusema yule binti. Nikamuuliza mbona hukukazania, akajibu, "Kaka si ulisema nisubiri." Na mgeni yuko siti ya mbele anasikia.

3. Mkishachagua wazo, apewe mtu mmoja akapambane nalo. Watu watano hawashiki chuma kimoja cha kuchomelea.

4. Kitu kikiwa bado kibovu kipelekeni mwaloni. Taa yetu tuliyoipenda sana, mvuvi aliigeuza mara moja tu akauliza, "Hii itakaaje kwenye chelezo, hiki kinachoelea na taa majini, upepo ukija?" Tukarudi nayo Mwanza mjini.

Kesho saa mbili asubuhi tunaanza na ya betri, tena. Peni mje nazo, sigawi.