Tumbo la Mjumbe

SWALI: Shikamoo mzee. Nasoma riwaya ya kijasusi. Mjumbe wa rais anasingizia kuumwa tumbo kwenye dhifa, anatoweka siku mbili, kumbe yuko kwa adui wanapatana. Kaka yangu kacheka mpaka machozi, ati mtu mkubwa hivyo hapotei waandishi wa habari wakiwa wamejaa mlangoni. Nani mkweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako apanguse machozi, maana hata tumbo lilikuwa hilohilo. Julai 1971 Henry Kissinger, mshauri wa Rais Nixon wa Marekani, alitua Pakistan. Mezani akalalamika tumbo. Rais Yahya Khan, mshenga wa shughuli nzima, akamsihi mbele za watu akapumzike Nathiagali, kwenye baridi ya milimani. Msafara wa magari ukapanda huko kweli, wanahabari wakaandika mgeni anaugua. Mwenyewe alikuwa ameondoka alfajiri ya tarehe 9 kwa Boeing 707 ya Pakistan kwenda Beijing, kuonana na Waziri Mkuu Zhou Enlai wa China, hasimu wa Marekani wakati ule. Tarehe 15 Nixon akatangaza kwenye televisheni, dunia ikabaki mdomo wazi.

Miaka niliyouza vitabu vya mitumba nimesoma majasusi wengi wenye bastola na sumu kwenye pete. Hawa walitumia tumbo. Nani atamdadisi mtu anayeharisha?

Lakini ninachokipenda mimi ni mashati. Katika pilikapilika zile mashati ya Kissinger yalisahaulika, ikabidi aazime ya msaidizi wake, John Holdridge, bwana mmoja mrefu kwelikweli. Basi mjumbe wa taifa kubwa akaingia Beijing akiogelea ndani ya shati la mwenzake, na lebo ya shati inasema limeshonwa Taiwan! Taiwan, kisiwa ambacho China inadai ni chake, ndiyo kidonda chenyewe walichokwenda kukizungumza. Mwandishi wa riwaya angeandika hivyo, hata mimi ningemcheka.

Oktoba alirudi Beijing, safari hii kweupe. Tarehe 25 mwezi huohuo Umoja wa Mataifa ukapiga kura: China ndani, Taiwan nje. Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliopeleka azimio lile, na balozi wetu pale New York alikuwa Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29. Ukimaliza riwaya yako, nitumie jina lake. Nataka kuona kama mjumbe wako naye alikumbuka mashati.