Joto la usiku na dawa za homoni

Dada wa Kadutu, unasema una miaka 52, hedhi ilikatika miaka 2 iliyopita, usiku unalowesha shuka hata baridi ya Bukavu ikiuma, nawe unaogopa homoni zitakuletea kansa. Pole sana. Mimi nami nilikuwa naamka saa nane kubadili kikwembe.

Homoni hutuliza joto hilo kuliko dawa nyingine, na mifupa hufaidika. Kabla ya miaka 60, kwa wengi faida huzidi hatari. Ila kama bado una kizazi, usikubali estrojeni, homoni ya kike inayotuliza joto, peke yake: projesteroni, homoni ya pili ya kike, ndiyo inayokinga kizazi na kansa. Zikitumika pamoja kwa miaka mingi, hatari ya kansa ya titi hupanda kidogo. Damu iliwahi kuganda mguuni? Mwambie daktari mapema, maana homoni ya kubandika ngozini huenda ikakufaa kuliko vidonge.