Gari lilipoandika "badilisha betri", sikubadilisha

Kwenye dashibodi ya gari langu la umeme kuna picha ndogo ya kobe. Ikiwaka, gari linatambaa kama kobe mwenyewe, hata ukikanyaga pedali mpaka sakafuni. Mara ya kwanza kumwona nilikuwa napanda mlima, chaji ikiwa asilimia 31, na lori lipo nyuma yangu linapiga honi. Fundi wa kwanza aliunganisha mashine yake, akatazama misimbo 7 ya hitilafu iliyojitokeza, akatikisa kichwa na kusema betri imekufa. Kisha, kwa nia njema kabisa, akaifuta misimbo yote ili "tuone kama itarudi".

Kufuta ndilo kosa nililojifunza kwa machungu. Msimbo unapojiandika, kompyuta ya gari mara nyingi huhifadhi pamoja nao hali ya wakati ule: mwendo, joto, chaji, volti. Ukifuta, ushahidi wote umekwenda. Piga picha kila ukurasa kwanza. Angalia pia kama msimbo ni wa kusubiri, yaani tatizo limeonekana lakini kompyuta bado inajiridhisha, au umeshathibitishwa. Mimi sasa nina kifaa changu kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani, kinachotuma taarifa kwenye simu kwa Bluetooth. Ila programu ya simu iwe inalijua gari la aina yako. Programu za jumla zitakuonyesha msimbo tu, na undani wa seli moja moja, yaani vipande vinavyounda betri, huuoni.

Herufi ya kwanza ya msimbo ina maana. P ni mfumo wa kuendesha gari, na misimbo mingi ya betri kubwa, ile inayoendesha gari, na mota huanza na P0A. U ni mawasiliano: kompyuta moja imeita mwenzake haikujibiwa. U0111, kwa mfano, unasema mawasiliano na kompyuta ya betri yamepotea, wala hausemi betri ni mbovu. Kati ya misimbo yangu 7, minne ilianza na U. Mwingine ulikuwa P0562, volti ndogo kwenye mfumo wa kawaida wa gari.

Hapo ndipo fundi wa pili, mzee asiyependa maneno mengi, alipofungua boneti na kupima betri ndogo ya volti 12. Ndiyo, magari mengi ya umeme nayo yana betri ndogo, na kompyuta zote zinaamka kwa umeme wake. Gari likiwa limepumzika, betri ya risasi iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Yangu ilisoma 11.7. Kompyuta zikikosa umeme wa kutosha huanza kusingiziana, kila moja ikimshtaki jirani yake. Tukaweka betri ndogo mpya na misimbo mitano haikurudi tena. Kwa hiyo kabla hujaanza kuhesabu hela za betri kubwa, pima ile ndogo. Ni kazi ya dakika mbili.

Ilibaki miwili. Wa kwanza ulikuwa P0AA6, ambao unawatisha watu kuliko yote kwa sababu unahusu uvujaji: umeme wa volti za juu unapata njia ya kufika kwenye bodi ya gari. Kanuni ya kimataifa ya R100, ya usalama wa magari ya umeme, inataka ukinzani (uwezo wa kuzuia umeme usipite) usiopungua omu 100 kwa kila volti kwenye umeme wa mkondo mnyoofu (DC), kwa hiyo gari la volti 400 linatakiwa kuwa na angalau omu 40,000. Lakini angalia, betri ni kiungo kimoja tu katika mtandao huo. Mota imo, hita imo, chaja imo, nyaya zote za rangi ya chungwa zimo, na kompresa ya kiyoyozi imo. Mzee aliniuliza swali moja tu: inatokea ukiwasha kiyoyozi? Nikakumbuka kwamba ndiyo. Miezi michache nyuma kuna mtu alikuwa amejaza gesi ya kiyoyozi na kuongeza oili ya kawaida, na oili hiyo inapitisha umeme. Kompresa ya umeme inahitaji oili yake maalumu isiyopitisha. Betri yangu haikuwa na hatia yoyote katika kesi hiyo.

Kazi ya kutafuta uvujaji, kutenganisha kifaa kimoja kimoja na kupima kwa mega (mashine ya kupimia ukinzani), mwachie aliyesomea. Sitanii. Hata ukizima gari na kuchomoa plagi ya usalama, umeme hubaki kwenye kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme, kwa dakika kadhaa, na mafundi wanaojua husubiri muda ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi kama dakika 10, kisha hupima kabla ya kugusa. Na betri yenyewe, ndani ya boksi lake, haina swichi ya kuizima. Ukimwona fundi anaingiza mkono kwenye nyaya za chungwa bila glavu zake, chukua funguo zako uondoke.

Msimbo wa mwisho ndio uliokuwa na ukweli. Ulikuwa P0A80, ambao jina lake rasmi ni agizo: badilisha betri. Jina hilo limewaponza wengi. Kompyuta haijaifungua betri ikaona imeoza. Imeona volti za sehemu moja zimeachana mno na za wenzake, basi. Chanzo kinaweza kuwa seli iliyochoka, lakini pia kinaweza kuwa kiungio kilicholegea au kilichoota kutu, au hata waya mwembamba wa kupimia.

Betri kubwa ni seli nyingi zilizofuatana. Nissan Leaf ya kwanza ilikuwa na seli 192, mbili mbili, jozi 96 mfululizo. Na katika msafara wa mamba, kenge wamo. Seli moja dhaifu ikifika chini, kompyuta inakata nguvu ya gari zima ingawa wenzake bado wameshiba. Ndiyo maana kobe wangu alitokea kwenye asilimia 31. Wakati wa kuchaji mambo hugeuka: kenge hujaa mapema, na chaji husimama kabla wengine hawajatosheka.

Kipimo kilichonipa uamuzi ni hiki. Gari likiwa limetulia nilisoma volti za seli zote, tofauti kati ya ya juu na ya chini ikawa milivolti 24. Si mbaya. Kisha mzee akaendesha kwa nguvu kupanda mlima, mimi nikiwa na simu pembeni. Jozi mbili, zilizokaa jirani, zikaporomoka zaidi ya milivolti 400 chini ya wenzake. Baada ya kusimama hazikurudi haraka, na hilo ni muhimu: kiungio kibovu hushusha volti gari linapovuta nguvu lakini hupona papo hapo ukiachia pedali, wakati seli iliyochoka hubaki nyuma. Mwenye betri ya lithiamu na fosfeti ya chuma asipime kama mimi kwenye chaji ya katikati, kwa kuwa volti zake huwa karibu bapa mpaka mwishoni. Tofauti huonekana akiwa karibu na kujaa au karibu na kuisha.

Kama jozi dhaifu zingetawanyika huku na kule, ningekubali kuwa betri nzima imezeeka, kwa sababu ukibadilisha mbili leo nyingine mbili zitaanguka baada ya muda mfupi. Zangu zilikuwa kwenye moduli moja, yaani fungu moja la seli, na waliobaki walikuwa sawa. Tukatafuta moduli iliyotumika, yenye uwezo unaokaribiana na wa zile za zamani. Mpya kabisa sikuitaka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: moduli yenye uwezo tofauti sana hulazimisha kompyuta kuhangaika kusawazisha kila siku. Volti yake ililinganishwa na za wenzake kabla ya kufungwa.

Kuna wasomaji watakaoniuliza kuhusu afya ya betri, ile asilimia ya uwezo uliobaki. Yangu ni 78. Kupungua uwezo si hitilafu. Seli zikiwa zinalingana, betri ya asilimia 78 ni tangi dogo tu, na safari zangu za siku hazifiki nusu yake. Anayehitaji umbali zaidi ya ule gari linaoweza kwenda, huyo ana sababu ya kubadilisha hata kama hana msimbo hata mmoja. Ila kabla ya kufungua chochote asome waranti: watengenezaji wengi huahidi miaka 8 au kilomita 160,000, na wengi wao hukubali dai uwezo ukishuka chini ya asilimia 70. Boksi likishafunguliwa na mtu wa nje, dai hilo linaweza kufa.

Kwa anayenunua betri kubwa iliyotumika, usihadaike na kilomita za gari ilikotoka. Betri huzeeka hata ikiwa imeegeshwa, hasa kwenye joto. Omba usomaji wa seli zote gari likivuta nguvu, na uulize kama kompyuta ya betri itakubaliana na gari lako, maana baadhi ya magari hukataa betri ngeni mpaka yaoanishwe kwa programu.

Jambo moja halina mjadala wala hesabu. Betri iliyoingia maji, iliyovimba, inayotoa harufu tamu ya ajabu au inayopanda joto yenyewe gari likiwa limesimama: usiichaji, liegeshe gari nje mbali na nyumba, na uite watu wanaojua.

Yangu imefungwa moduli hiyo miezi 14 sasa. Wiki iliyopita nilipanda mlima ule ule kwa asilimia 19, tofauti ikafika milivolti 60, kobe hakutokea. Lori lilikuwa nyuma yangu tena, lakini safari hii lilibaki huko huko.