Kabla ya Kununua Paneli za Sola, Pima Mitungi ya Gesi ya Usingizi

Hospitali ya umma ikiamua kupunguza madhara yake kwa mazingira, mazungumzo huanzia juu ya paa: paneli ngapi, za ukubwa gani. Paneli ni jambo jema. Ila ukituuliza pa kuanzia, tutakupeleka nyuma ya jengo, kwenye kibanda cha mitungi ya nitrasi oksaidi, ile gesi inayochanganywa na dawa za usingizi. Kilo 1 ikitoroka hewani huongeza joto la dunia sawa na takriban kilo 270 za hewaukaa, ukihesabu kwa miaka 100. Na pale inapopitishwa kwenye mabomba ya ukutani, mara nyingi inayomfikia mgonjwa ni sehemu ndogo tu ya iliyonunuliwa.

Upotevu huu hauonekani kwa sababu geji ya mtungi haisemi kitu. Ndani ya mtungi gesi hii ni kimiminika, na mvuke ukitoka, mwingine huchukua nafasi yake. Mshale husimama palepale mpaka kimiminika kiishe, ndipo huporomoka. Fundi akiuangalia asubuhi huona mambo yako sawa, kumbe nusu ya mtungi imekwisha kwenda. Hapa kinachosema kweli ni mizani.

Funga thieta, yaani chumba cha upasuaji, Ijumaa jioni, tenganisha mitungi na bomba, ipime mmoja mmoja, iunganishe tena. Rudia Jumatatu kabla ya mgonjwa wa kwanza. Andika pia kila upasuaji wa dharura uliofanyika katikati. Uzito uliopungua bila mgonjwa ndio unaovuja.

Kisha fanya hesabu ya mwaka. Uliza stoo ni kilo ngapi zilizonunuliwa kwa miezi 12. Kwenye fomu za usingizi, zidisha lita kwa dakika mara dakika zilizotumika. Lita 1 ya gesi hii ina uzito wa gramu 1.8 hivi, kwa hiyo upasuaji wa saa 1 kwa lita 2 kwa dakika hutumia lita 120, kama gramu 220. Linganisha jumla mbili. Tofauti yake huwa inatisha.

Wengi wakishaiona hukimbilia kuziba viungo. Hatuwashauri. Ukiziba hapa, panafunguka pale, na bomba lililojaa gesi saa 24 kila siku litavuja tu. Lizimeni kabisa, mtumie mitungi midogo nyuma ya mashine ya usingizi. Kwanza kubalianeni kwa maandishi na wataalamu wa usingizi, wauguzi wa thieta, famasia na mafundi. Hakikisheni mitungi midogo ipo na inafanya kazi kwenye kila mashine. Ndipo fundi mwenye kibali afunge valvu, aifunge kwa kufuli na kuweka alama kwenye kila tundu la ukutani. Bomba la oksijeni lisiguswe. Lifuateni kwa macho na vidole kuanzia kibandani hadi ukutani kabla ya kugeuza chochote, kwa sababu kosa hapo linaua. Na mtungi mdogo nao ufungwe kila jioni, la sivyo mtakuwa mmehamisha uvujaji tu.

Desflurani, dawa ya usingizi ya kuvutwa, ni mbaya zaidi: takriban mara 2,500 ya hewaukaa. Scotland iliiacha mwaka 2023, na kwa wagonjwa wengi sevoflurani, dawa nyingine ya aina hiyo, inatosha. Hata hiyo, mgonjwa akishatulia, shusheni mtiririko wa gesi hadi lita 1 kwa dakika au chini, mradi mashine ina vipima oksijeni na dawa ya usingizi vinavyofanya kazi. Kosa la kawaida ni kuusahau kwenye lita 6 tangu mwanzo.

Kuhusu taka, Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 85 hivi ya taka za hospitali ni za kawaida. Lakini angalia karibu na sinki la kunawia mikono: kama chombo pekee kilichopo hapo ni cha taka hatarishi, karatasi zote za kufutia mikono zitaingia humo na kuishia kwenye tanuri. Hapo wekeni pipa la taka za kawaida. La taka hatarishi liende kwenye toroli ya kufungia vidonda, damu inapomwagika. Mahubiri kuhusu rangi za mifuko hayafui dafu mbele ya pipa lililowekwa mahali pabaya.