Ukisikia "Ni Salama Rohoni Mwangu" kwa mpangilio mpya

Tenzi za zamani zikiimbwa kwa gitaa, kibodi na ngoma, hazikosi mabishano. Kuna wanaosema utenzi umeharibiwa, na kuna wanaosema umefufuliwa. Mimi nimekulia kwaya nikiimba besi, na napenda namna zote mbili. Ninachokushauri ni hiki: kabla hujauhukumu mpangilio, usome kwanza utenzi wenyewe, beti zote, kama unavyosoma zaburi.

Chukua "Ni Salama Rohoni Mwangu". Aliyeuandika ni Horatio Spafford, wakili wa Chicago. Moto mkubwa wa mwaka 1871 ulimtia hasara kubwa. Novemba 1873 meli Ville du Havre, iliyombeba mkewe Anna na binti zao wanne, iligongana na meli nyingine katika Atlantiki ikazama. Watoto wote wanne walikufa. Anna aliokolewa, akamtumia mumewe telegramu kwamba amepona peke yake. Baba huyo ndiye anayesema huzuni ije kama mawimbi ya bahari, rohoni mwake ni salama. Philip Bliss aliutia muziki, ukachapishwa mwaka 1876, na hadi leo tuni yake inaitwa Ville du Havre, jina la meli ile ile.

Ukishayajua hayo, masikio yako yatadai kitu kingine. Mpangilio ulionigusa kuliko yote ulianza na sauti moja tu, kibodi ikishikilia noti ndefu kwa chini. Mwimbaji hakuharakishwa. Ngoma ziliingia kwenye ubeti wa tatu, pale utenzi unapoacha kutaja shida na kuanza kushangilia kwamba dhambi zote, wala si sehemu tu, zimepigiliwa msalabani. Nililia, nami si mwepesi wa kulia. Aliyeupanga alikuwa ameyasoma maneno! Ngoma zikianza kuvuma tangu mstari wa kwanza, mfiwa hajapewa hata nafasi ya kuvuta pumzi.

Kuna kitu kimoja ambacho mipangilio mipya hukipoteza, na kinaniuma. Katika kiitikio cha Bliss, sauti za juu hutangulia, "ni salama", kisha sauti za wanaume, yaani tena na besi, zinajibu. Ni kama kanisa linamjibu aliyefiwa. Timu ya sifa ikiimba wote sauti moja, jibu hilo halipo. Dawa yake ni rahisi: kwenye kiitikio cha mwisho vyombo vinyamaze, upande mmoja wa kanisa uanze, mwingine uitikie.

Vipande vipya vinavyoongezwa katikati ya utenzi sivikatai. Jiulize tu kama kipande kinasema jambo ambalo mwenye utenzi angelikiri, au kimewekwa ili watu wapandishe sauti.

Na wewe unayeongoza sifa, nakuomba sana, usiuruke ubeti wa tatu. Bila huo, amani inayoimbwa haina msingi. Mtu anajikaza tu. Muda ukiwa mfupi, punguza marudio ya kiitikio. Nguvu zote za vyombo zitunze kwa ubeti wa mwisho, ule wa parapanda na kurudi kwa Bwana, kwa sababu hapo maneno yenyewe yanataka kelele.