Akiitwa, Hugeuka Mwili Mzima

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 7. Alipokuwa na miaka 4 alianguka kutoka juu ya mwembe, akafanyiwa upasuaji na kuunganishwa pingili mbili za juu kabisa za shingo kwa skrubu. Anasoma na kucheza vizuri, ila akiitwa hugeuka mwili mzima kama roboti. Jirani anasema hatarefuka tena. Ni kweli?
Mama Salumu, Mbagala

JIBU: Marahaba, Mama Salumu. Huyo jirani mwache na maneno yake. Shingo ina pingili 7, na urefu wa mtu hutoka zaidi miguuni na mgongoni. Shingo ya kijana huenda ikawa fupi kidogo, basi.

Huko kugeuka mwili mzima kuna sababu. Karibu nusu ya kugeuza kichwa kulia na kushoto hufanywa na pingili hizo mbili zilizofungwa. Kwa hiyo anajisaidia kwa macho, mabega na pingili za chini. Usimkemee. Mimi hasa naiogopa Barabara ya Kilwa: bodaboda ikitokea ubavuni, mtoto haioni upesi. Mzoeze kusimama kwanza, ageuke wote kulia, kisha kushoto, ndipo avuke. Darasani aombewe dawati la katikati, aukabili ubao.

Pingili za chini sasa zinabeba kazi ya wenzake. Baada ya miaka zinaweza kuchakaa au kupinda, na kwa watoto mfupa mpya wakati mwingine huendelea kuota ukaishika na pingili ya jirani. Ndiyo maana kliniki haikatizwi mpaka amalize kukua, hata kama hana maumivu. Na zile eksirei za zamani zitunze, tafadhali! Wazazi huniletea picha ya simu iliyopigwa chini ya taa, mwanga mtupu, nitalinganisha nini?

Chandimu muulize daktari aliyempasua, lakini mpira wa kichwa, mieleka, sarakasi na kujitosa baharini kwa kichwa, hapana. Siku akihitaji nusu kaputi, hata kwa jino, sema mapema kuhusu shingo yake, maana kuingiza mpira wa kupumulia huwa kazi ngumu.

Akianza kushindwa kufunga vifungo vya shati, kujikwaa ovyo au kujikojolea wakati alishaacha, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, siku hiyohiyo.