Ukuta umeingia kiwanja cha jirani, nami nilinunua bila kujua

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mwaka 2019 nilinunua nyumba hapa Tanga, ikiwa tayari na ukuta pande zote. Muuzaji alinitembeza mipaka mbele ya mjumbe na mashahidi wawili, tukaandikiana. Mwaka huu nimeita mpima ili hati iingie jina langu, yakazuka mawili. Ukuta wa mashariki umeingia kiwanja cha jirani mita 2, kwa urefu wa mita 25, na kibaraza tunachoswalia nyumbani kimo humo humo. Jirani ni mama mjane, hana habari. La pili, hati bado ina jina la baba wa muuzaji, ambaye ni marehemu, na nasikia dada yake muuzaji yuko Muheza, hakushirikishwa. Wenzangu wanasema ninyamaze, miaka 12 ikipita sheria itakuwa upande wangu. Je, nina dhambi? Swala zetu zinasihi? Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, kwa miaka uliyokaa bila kujua huna dhambi inshaallah. Allah Taala ametuambia katika Suratul Ahzab aya ya 5 kwamba hatuna lawama kwa tulichokosea, lawama iko kwa kilichokusudiwa na nyoyo. Lakini udhuru huo uliisha siku mpima alipokunja kamba yake. Tangu hapo unajua.

Mtume (S.A.W.) amesema, katika hadithi ya Said bin Zayd waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kuchukua shubiri ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Tandaza kiganja chako kwenye ukuta huo, kuanzia ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Hiyo ndiyo shubiri. Mita 2 ni kama shubiri tisa, na ukizidisha kwa urefu wa ukuta ni mita za mraba 50. Chumba, sebule na jiko la mama yule vingeenea hapo.

Hao wanaokushauri unyamaze wanakutakia shari, hata kama ni rafiki zako. Ni kweli Sheria ya Ukomo inaweka miaka 12 ya kudai ardhi mahakamani. Hiyo ni kanuni ya kufunga mlango wa kesi, haigeuzi cha mtu kuwa chako mbele ya Mola wako. Bibi Ummu Salama (R.A.) amesimulia kwamba Mtume mwenyewe aliwaambia waliogombana kuwa yeye ni binadamu, huenda mmoja akawa fasaha kuliko mwenzake, akamhukumia kwa anachokisikia, basi atakayekatiwa haki ya ndugu yake asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Katika mapokezi ya Abu Daud, wale wawili walilia, kila mmoja akamwambia mwenzake: haki yangu nimekuachia. Ikiwa hukumu ya Mtume haihalalishi cha mtu, kalenda itahalalishaje?

Sasa tuangalie ulinunua nini. Ulinunua kilichokuwa milki ya muuzaji, hukununua kila kilichozungukwa na tofali. Mashekhe wa madhehebu yetu ya Kishafi wana mlango wake, tafriqus-safqa, yaani mtu kuuza chake na cha mwenziwe kwa mkataba mmoja. Kauli yenye nguvu ni kwamba mauzo yanasihi katika kilicho chake na yanabatilika katika kisicho chake. Wewe uliyekuwa hujui una hiari: kurudisha nyumba na kuchukua fedha zako zote, au kubaki nayo na kurudishiwa sehemu ya bei inayolingana na kile kipande. Dai hilo ni juu ya muuzaji, si juu ya mjane. Usimfanye mama yule angoje ugomvi wenu uishe ndipo apate haki yake.

Nenda kwake ukiwa na ramani ya mpima, na awepo mwanawe mtu mzima au jamaa yake wa kumsimamia. Mweleze bila kupunguza hata futi moja. Kisha nyamaza umsikilize, kwa sababu uchaguzi ni wake. Akitaka ukuta uvunjwe, uvunje. Akitaka kukuuzia kipande kwa thamani ya leo, mnunulie, na mabadiliko yaingie kwenye ramani na hati zote mbili. Akitaka kodi, mlipe. Akikupa bure, pokea na umuombee. Ila usimpeleke msafara wa wazee wa mtaa wakamzunguka sebuleni mpaka akasema "basi chukueni". Nimeyaona hayo kwenye suluhu nyingi, na yananiuma. Mali ya mtu haiwi halali ila kwa ridhaa ya nafsi yake, na anayetoa kwa kuonewa haya hajaridhia. Vilevile mwombe msamaha wa miaka iliyopita, kwani kwa Mashafii kodi ya mfano wake, yaani ile ambayo ardhi kama hiyo hukodishwa, inadaiwa hata kwa asiyejua.

Kuhusu swala, mlizokwisha kuswali zinasihi, msizirudie. Kuswali katika ardhi iliyoporwa kwa kujua ni dhambi ingawa kwa wanazuoni walio wengi swala inasihi, na baadhi ya Mahanbali, wafuasi wa madhehebu ya Imam Ahmad bin Hanbal, wanaibatilisha kabisa. Basi hamisheni mikeka upande wa pili wa nyumba mpaka mama atoe kauli yake.

Hili la hati ni zito pia. Marehemu baba alipokata roho, nyumba iliingia kwa warithi wote papo hapo. Suratun Nisaa aya ya 7 imewataja wanawake na fungu lao, kiwe kichache au kingi. Kama warithi ni kaka na dada hao wawili tu, theluthi ya nyumba unayolala si ya aliyekuuzia. Kama mjane wa marehemu yu hai, ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, kwanza. Nenda Muheza. Kwa Mahanafi na Mamaliki, dada akiidhinisha mauzo yanapita. Kwa Mashafii mwenye kuuza cha mtu bila ruhusa hajauza kitu, kwa hiyo salama yako ni kufunga naye mkataba mpya wa fungu lake, umlipe yeye mkononi, kisha umdai kaka. Jua pia kwamba, akiwa mshirika katika kisichogawanywa, anaweza kuwa na haki ya shufaa, yaani kulinunua fungu la kaka yake kwa bei ile ile uliyotoa. Baada ya hapo Mahakama ya Mwanzo imthibitishe msimamizi wa mirathi, naye ndiye atakayehamisha hati. Atakayekuja kukuahidi kukamilisha kwa siku mbili bila sahihi ya dada, mfukuze.

Anza na yule mjane jirani yako, wiki hii. Na vile vigingi vya zege alivyoweka mpima, mwambie fundi wako asivisogeze hata kwa bahati mbaya. Mtume amesema, katika Sahih Muslim, Allah amemlaani mwenye kubadilisha alama za ardhi.

Wallahu aalam.